Korongo Anayeingia Zamu Jua Likizama

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu wapenzi wa ndege, na ninyi vijana mliochagua viti vya karibu na mlango ili mtoroke nikiwachosha: asanteni kwa kuja. Nimepewa nusu saa. Nitajitahidi nisiipite, kwa sababu kuna jambo nataka tulifanye huko nje kabla giza halijakolea.

Nianze na sauti. Ndege nitakayemzungumzia, korongo wa usiku, watu wengi wamemsikia kabla ya kumwona, na wengine wamemsikia miaka nenda miaka rudi bila kujua kwamba ni ndege. Ni magharibi, uko karibu na maji. Kitu kinapita juu ya kichwa chako, hukioni, kinatamka neno moja tu: "Kwok!" Kisha kimya. Baada ya muda, kwa mbali, tena: "Kwok!" Mara ya kwanza nilipoisikia sauti hiyo nilikuwa kijana, na nilidhani mtu kamrusha chura hewani. Msicheke. Nendeni mkaisikie, kisha mje mniambie ninyi mlidhani nini.

Hata wataalamu walimwendea kwa sikio. Linnaeus, yule Mswidi aliyewapangia viumbe majina ya kisayansi, alipomwandika mwaka 1758 alichukua neno la kale la Kigiriki, nycticorax, maana yake kunguru wa usiku. Siku hizi jina lake kamili ni Nycticorax nycticorax: kunguru wa usiku, kunguru wa usiku, mara mbili, kama vile mwandishi aliogopa hatukumsikia vizuri. Waholanzi wanamwita kwak. Wakazi wa visiwa vya Falkland wanamwita quark. Wote hao walisimama gizani wakasikiliza, wakaandika walichosikia, wakaenda kulala.

Lakini si kunguru. Ni korongo, na hapo tena tunaingia kwenye shida nyingine, maana sisi neno korongo tunamtupia karibu kila ndege mwenye miguu mirefu aliyesimama majini. Leo nikisema korongo nakusudia ukoo mmoja tu, wale wanaoruka wakiwa wameikunja shingo kifuani, tofauti na wale wanaoinyoosha mbele kama mkuki. Yangeyange wamo katika ukoo huo. Korongo wa usiku naye yumo, ingawa ukimwona amesimama utakataa kwamba ana undugu na wale warembo. Ni mfupi, mnene, shingo huioni, mabega yamepanda juu. Mimi humfananisha na mzee aliyejitanda shuka asubuhi ya baridi na hataki kusalimiwa. Urefu wake ni kama sentimita 60, uzito wake kwa kawaida haufiki kilo moja au unaizidi kidogo sana. Utosi mweusi, mgongo mweusi, mabawa ya kijivu, tumbo jeupe. Kisogoni huning'inia manyoya mawili au matatu meupe, membamba kama uzi. Na jicho lake ni jekundu. Ukimulika tochi ukakutana na jicho lile kwenye matete, kwa sekunde moja utakumbuka hadithi zote ulizotishiwa nazo utotoni.

Anapatikana Afrika, Ulaya, Asia, na Amerika zote mbili, kaskazini hadi kusini kabisa. Australia hayupo, ila yupo ndugu yake wa rangi ya hudhurungi anayefanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo hatuzungumzii ndege adimu wa kona moja ya dunia. Tunazungumzia ndege aliyeenea karibu kuliko korongo wote, na bado ukiuliza watu kumi, tisa watakuambia hawajawahi kumwona. Hilo ndilo linalonishughulisha. Wanamtafuta saa ambazo yeye amelala.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kwani mchana una nini? Jibu langu ni kwamba mchana una wenyewe. Kinamasi kina zamu mbili. Zamu ya mchana wameishika korongo warefu na yangeyange, na hao wakimkuta mwenzao mfupi kwenye kona wanayoitaka, humfukuza bila mazungumzo. Korongo wa usiku hakushindana nao kwa nguvu. Aliwaachia jua. Wao wakiondoka kwenda kulala, yeye ndiyo kwanza ananyoosha bawa moja, kisha la pili, anajikuna, anaondoka. Maji ni yaleyale, samaki ni walewale, ila sasa hakuna wa kumsukuma. Kuna miti ambayo jioni utaona makundi mawili yakipishana, meupe yakiingia, ya kijivu yakitoka. Kitanda hakipati nafasi ya kupoa. Saa zetu za Kiswahili huanza kuhesabu moja ya usiku mara jua linapokwisha kuzama. Naye kazi yake inahesabiwa kuanzia hapohapo.

Mtu anaweza kunipinga: huenda macho yake hayawezi jua tu. Yanaweza. Ushahidi ni majira ya kulea. Makinda yakishaanguliwa, njaa yao haiwezi kungoja magharibi, na wazazi huonekana wakivua saa nne asubuhi, saa nane mchana, wakifukuzwa na wakubwa wao na kurudi tena. Wakilea, hufanya zamu zote mbili. Makinda wakishajitegemea, wanarudi kwenye usiku wao. Ndiyo maana nasema usiku kwake ni makubaliano na majirani zaidi kuliko ulemavu wa macho.

Macho yenyewe, hata hivyo, yametengenezwa kwa kazi hiyo. Ni makubwa kuliko ya korongo wa mchana wa kimo chake, na ndani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, zimejazana zaidi zile seli zinazohisi mwanga hafifu. Lakini jicho peke yake halikamati samaki. Ukiitumbukiza fimbo majini huonekana kama imevunjika, sivyo? Basi samaki naye hayupo pale anapoonekana, na korongo hulazimika kulenga mahali pengine. Hulenga, na hupata mara nyingi kiasi cha kunitia wivu mimi mwenye ndoano. Kisha kuna shingo. Ukoo wa korongo una pingili za shingo 20 au zaidi, na ya sita imeumbwa tofauti na wenzake, ndiyo inayofanya pindo lile la herufi S. Ikikunjwa, shingo ni manati iliyovutwa. Ikiachiliwa, mdomo unafika kabla samaki hajajua kuna habari.

Kazi yake sehemu kubwa ni kusimama. Anasimama ukingoni au juu ya gogo, ameinama, dakika baada ya dakika, hadi unaanza kutilia shaka kama ni ndege au kisiki. Lakini asikudanganye na huo ukimya. Kuna korongo wa usiku walioonekana wakitikisa ncha ya mdomo ndani ya maji, wakiifungua na kuifunga haraka haraka, mpaka mawimbi madogo yanamvuta samaki aje achungulie. Kuna walioonekana wakiweka kipande cha mkate juu ya maji na kungoja. Chambo hicho! Ndege ambaye hajawahi kufundishwa na mtu. Wavuvi mliopo hapa, sina la kuongeza.

Chakula chake kingekuwa orodha ndefu, na sitaimaliza: samaki, vyura, viluwiluwi, kaa, wadudu wa majini, panya, nyoka wadogo. Na makinda ya ndege wengine. Hapa lazima niseme ukweli, maana wapenzi wa ndege tuna tabia ya kumpaka mafuta kila tunayempenda. Korongo wa usiku ni mwizi wa watoto. Yupo membe mdogo anayetaga ufukweni kwa makundi. Korongo wa usiku akishaizoea koloni hiyo, huingia gizani na kumeza makinda moja baada ya lingine. Mbaya zaidi, membe wakubwa huogopa, wakaanza kuyaacha mayai usiku kucha na kurudi alfajiri, na mayai yaliyopoa huchelewa kuanguliwa au hayaanguliki kabisa. Sitamtetea. Nitasema tu kwamba anafanya kwa membe kile ambacho korongo wakubwa wangemfanyia yeye mchana: anachukua nafasi ya mwenye nguvu pale alipo na nguvu.

Tumbo lake lina asidi kali hata mifupa ya samaki huyeyuka. Chokaa yote hiyo lazima itokee mahali, nayo hutokea nyuma. Kwa hiyo ukitaka kumpata mchana, usisumbuke kutazama juu. Tazama chini. Mti ambao ardhi yake imepakwa chokaa na hakuna mpakaji, simama hapo, kisha ndiyo uinue macho polepole. Na funga mdomo. Hili nitalieleza.

Viota hujengwa kwa ujirani, mti mmoja ukiwa na viota vingi, mara nyingi pamoja na yangeyange na kwarara. Dume ndiye anayechagua pahala. Akishapata tawi huanza maonyesho: ananyoosha shingo, anainama, anainua mguu huu, anainua ule, anatoa sauti kama mvuke unaotoka. Miguu yake, ambayo siku zote ni ya manjano, wakati huo hugeuka ya waridi, wakati mwingine nyekundu kabisa. Jike akikubali, kazi hugawanywa: dume analeta vijiti, jike anapanga. Matokeo yake, niseme kwa heshima, si fahari. Ukisimama chini unaweza kuona mayai kupitia sakafu ya kiota. Huwa matatu mpaka matano, ya kijani kilichochanganyika na buluu hafifu, na wote wawili huyalalia kwa wiki tatu na zaidi kidogo. Kwa kuwa huanza kuatamia mapema kabla mayai hayajatimia, makinda hawatoki siku moja. Wa kwanza anakuwa bwana, wa mwisho anaomba Mungu.

Kuna kitu kimoja cha kupendeza pale kiotani. Mwenye zamu akirudi kumpokea mwenzake, hatui tu na kukaa. Anainua yale manyoya meupe ya kisogoni, anainama, anaita. Mwenzake anajibu vivyo hivyo. Ni hodi na karibu. Ndege hawa wamezoea kuchomana midomo kwenye matawi yenye msongamano, na asiyebisha hodi atapokewa kama jambazi. Lakini ajabu ni kwamba kwa watoto hawana umakini huo. Kinda wa jirani akipotea njia akaingia kiota kisicho chake, mara nyingi hulishwa na kufunikwa kama wa nyumbani. Sijui wahisabati wa mageuko wanalala vipi na jambo hilo, mimi hunifurahisha.

Makinda wenyewe hawana haya. Wakitishwa, hutapika. Si kwa ugonjwa, ni silaha: wanakimwagia kichwani mwako kile walicholishwa saa moja iliyopita, nacho ni samaki aliyekwisha kuanza kuiva. Nilisimama chini ya mti kama huo siku moja, daftari mkononi, kichwa kimeinama nyuma, mdomo wazi kwa mshangao wa kisomi. Sitaimalizia hadithi hiyo mbele ya watoto. Ila lile daftari hadi leo lina kurasa mbili zisizofunguka.

Wakifikisha wiki tatu au nne, kabla hawajaweza kuruka, wanatoka kiotani na kupanda matawini kwa miguu, wakijishikilia hata kwa mdomo kama mtu anayepanda mnazi kwa mara ya kwanza. Kuruka kwenyewe huja baada ya wiki sita au saba. Na hapo ndipo wanapowachanganya watu, kwa sababu kinda hafanani na mzazi hata kidogo. Ni wa kahawia mwenye madoadoa meupe mwili mzima, macho ya manjano au ya chungwa. Nimewahi kubishana nusu siku na mtu aliyeapa kwamba ni ndege wa aina nyingine. Humchukua miaka miwili au mitatu kuvaa mavazi ya utu uzima. Walioyatazama madoa hayo vizuri zaidi ni Wajapani: kinda wanamwita hoshigoi, na hoshi ni nyota.

Hiyo goi nayo ina kisa chake. Wanasimulia kwamba Mfalme Daigo, aliyetawala Japani kuanzia mwaka 897 hadi 930, alikuwa matembezini katika bustani ya Shinsen-en, Kyoto, akamwona korongo ukingoni mwa bwawa. Akamwamuru mtumishi amkamate. Korongo alikuwa anafungua mabawa aruke, mtumishi akamwambia: ni amri ya mfalme. Korongo akainama, akakaa. Mfalme akafurahi sana kwa utii huo akampa cheo cha daraja la tano katika baraza lake, akamvisha kibao shingoni chenye kusema kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni mfalme wa korongo, akamwachia aende. Daraja la tano kwa Kijapani ni goi, na hadi leo ndege huyo wanamwita goisagi, korongo wa daraja la tano. Mimi nadhani alikuwa na usingizi tu. Korongo wa usiku ukimkuta mchana huwa mzito wa kuondoka, na wengine wamepata vyeo kwa sababu dhaifu kuliko hiyo.

Hukohuko Japani walisema pia kwamba korongo huyu huwaka moto wa buluu usiku. Hata Marekani, katika karne ya 19, walikuwapo walioamini kwamba kifua cha korongo hutoa mwanga wa kuwavuta samaki. Mwanga hautoi. Lakini kifuani kuna manyoya ya ajabu yanayosagika yakawa unga, ambao korongo hujipaka kuondoa utelezi wa samaki, na kifua cheupe kikipigwa na mbalamwezi juu ya maji meusi, siwalaumu.

Nimesema kwamba usiku ni makubaliano na majirani. Basi mtazame anapofika mahali pasipo majirani. Kisiwa cha Rodrigues, mashariki ya Morisi, hakikuwa na mnyama mwindaji wa ardhini. Mfaransa François Leguat aliishi huko na wenzake kati ya mwaka 1691 na 1693, akaandika juu ya ndege wanene kama majogoo waliohasiwa, wepesi wa kukamatwa. Akaeleza kwamba wao wakitikisa matawi kwa fimbo ndefu mijusi ikaanguka, ndege hao walikuja mbio wakaila mbele ya macho yao. Mifupa iliyopatikana baadaye mapangoni ilionyesha walikuwa korongo wa usiku, miguu imekuwa na nguvu, mabawa yamedhoofika. Wameacha maji, karibu wameacha kuruka, na kama nasoma vizuri, wameacha na usiku pia. Kabla karne ya 18 haijaisha walikuwa wamekwisha wote. Morisi na Réunion walikuwapo ndugu zao; nao wamekwisha.

Bermuda nako alikuwapo mmoja wa aina yake aliyetoweka, na kaa wa nchi kavu wakabaki bila wa kuwapunguza, wakichimba mashimo kila mahali. Miaka ya 1970 mhifadhi David Wingate alileta kutoka Florida makinda ya korongo wa usiku wa utosi wa manjano, binamu wa huyu wetu na mla kaa hodari, akawalea. Wakabaki, wakazaliana, na kaa wakapungua. Si kila ndege aliyehamishwa na watu huleta heri; huyu alileta.

Na mijini? Mijini amejaa. Taa za gatini huvuta wadudu, wadudu huvuta samaki, samaki humvuta yeye, na usiku huo ambao watu wameufanya nusu mchana kwake ni meza iliyowekewa taa. Kisiwa cha Alcatraz, gereza lililofungwa mwaka 1963, sasa hutagwa na korongo wa usiku. Jiji la Oakland, California, lilimtangaza kuwa ndege wake rasmi mwaka 2019 baada ya kampeni iliyoanzishwa na watoto wa shule ya msingi. Jimbo la Illinois limemweka kwenye orodha ya walio hatarini, na koloni yake kubwa huko iko ndani ya bustani ya wanyama ya Lincoln Park, Chicago. Hakuna aliyewafungia, waliingia wenyewe, wakatua juu ya miti, wakawa wanawatapikia wageni waliokuja kuangalia wanyama wengine. Vinamasi walivyoviacha vilikaushwa.

Kwa sababu anakula karibu kila kitu kilichomo majini na yuko karibu duniani kote, watafiti humtumia kujua maji yamemezeshwa nini. Enzi za DDT, ile dawa ya kuua wadudu, maganda ya mayai yake yalikuwa miongoni mwa yale yaliyopungua unene, yakipasuka chini ya mzazi anayeyalalia. Marekani iliipiga marufuku dawa hiyo kwa matumizi mengi mwaka 1972. Sumu ilikuwa ndani ya samaki, samaki ndani ya kinda, na wala haikujali zamu ya nani.

Nilikuwa nimeandaa pia maneno kuhusu wale wa Ulaya wanaovuka Sahara kwenda Sahel kila mwaka, wakisafiri usiku kama mlivyokwisha kukisia. Lakini naona dirisha lile limegeuka buluu na mwenyekiti ameangalia saa yake mara mbili. Maswali tutaulizana huko ukingoni, kwa sauti ya chini. Mwenye tochi aifunge kitambaa chekundu. Mwenye simu aizime mwanga. Tutasimama upande wa huku wa matete, uso kuelekea kule angani kuliko na weupe bado, kwa sababu hapo ndipo kivuli chake huonekana: mabawa mapana, shingo haipo, miguu mifupi haipiti sana mkia. Mkimsikia, msinyooshe mkono kuonyeshana. Atakuwa amekwisha kupita.